Kichefuchefu cha mimba changa: namna ya kula, kunywa, na wakati wa kwenda hospitali

Wajawazito saba au wanane katika kila kumi hupata kichefuchefu, na karibu nusu ya wajawazito wote hufikia kutapika. Ndiyo maana ukilalamika, jibu ni lilelile kuanzia kwa shoga yako mpaka kwa mama mkwe: kawaida hiyo, vumilia, sote tumepita huko. Wengi jibu hilo linawatosha. Ubaya wake ni kwamba halisemi kawaida inaishia wapi, na kuna dada anamaliza siku ya tatu ndani, maji hayakai tumboni, mkojo umekuwa rangi ya chai kavu, bado anaambiwa avumilie.

Tuelewane kwanza kuhusu lengo. Usijipe kazi ya kukimaliza kichefuchefu, maana hutakiweza na utajilaumu bure. Jipe kazi mbili: maji yabaki mwilini, na tumbo lisikae tupu. Ukifanikiwa hayo mawili, hata ukitapika mara mbili kwa siku, wewe na mtoto mtavuka salama.

Kinaanza lini, kinakwisha lini

Wiki za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kichefuchefu huanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, hupanda hadi kileleni kwenye wiki ya 8 mpaka ya 10, kisha kwa wengi hulegea kati ya wiki ya 12 na ya 16. Mmoja katika kumi huendelea nacho hata baada ya wiki ya 20. Wala hakichagui asubuhi. Wako wanaoamka wazima na kuanza kuteseka saa kumi jioni jirani anapokaanga samaki.

Kwa miaka mingi lawama zote zilibebeshwa homoni ya hCG inayotoka kwenye kondo la nyuma. Mwaka 2023, timu ya watafiti iliyowahusisha Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge ilionyesha kwamba mchango mkubwa ni wa protini iitwayo GDF15, ambayo hutengenezwa kwa wingi na kondo na kwenda kugusa sehemu ya ubongo inayoamsha kutapika. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na GDF15 kidogo mwilini ndiye anayepigwa zaidi, kwa sababu mwili wake haukuizoea. Mkumbushe hilo atakayekuambia unadeka.

Mimba ya mapacha huzidisha hali. Vilevile mimba zabibu, yaani ile ambayo kondo hukua vibaya na mtoto hakui. Ukiwa na mama au dada aliyeteseka sana, au wewe mwenyewe hutapika ukipanda basi, jiandae mapema.

Kuhusu mtoto, tulia: anayetapika kwa kiasi ana uwezekano mdogo zaidi wa mimba kutoka kuliko asiyepata chochote. Na usipotapika kabisa, hilo nalo si dalili mbaya.

Hatua ya kwanza: kula kabla miguu haijagusa sakafu

Tumbo tupu ndilo adui mkubwa wa asubuhi. Usiku, kabla ya kulala, weka kando ya kitanda kitu kikavu kisicho na harufu: vipande vya mkate wa jana, biskuti zisizo na krimu, au kiazi kitamu cha kuchemsha kilichopoa. Ukizinduka, usikurupuke. Ukiwa bado umeegemea mto, tafuna polepole, kisha subiri dakika 15 hadi 20 ndipo ukae, na baadaye usimame. Usifuatishie maji hapo hapo.

Ukiamka usiku kwenda kukojoa, kula kidogo tena. Wengi hudharau hili, kumbe saa nane za usingizi bila chakula ndizo zinazowapiga alfajiri. Korosho chache, karanga au yai la kuchemsha kabla ya kulala hushika tumbo muda mrefu kuliko chai na mkate. Hadithi kwamba mjamzito akila yai atazaa mtoto asiye na nywele iache huko huko ilikotoka.

Hatua ya pili: sahau milo mitatu

Kula kila baada ya saa moja na nusu au mbili, kiasi cha konzi moja, uwe na njaa usiwe na njaa. Ukisubiri njaa umechelewa.

Vyakula vinavyokaa tumboni kirahisi ni vikavu, vya wanga, visivyo na mafuta mengi: muhogo wa kuchemsha au wa kuchoma, viazi, ndizi za kuchemsha zenye chumvi kidogo, wali mkavu, chapati ya maji isiyozama kwenye mafuta. Vya baridi vinafaa kuliko vya moto kwa sababu mvuke ndio unaobeba harufu. Wali ambao hukuuweza ulipokuwa jikoni unaweza kuuweza ukipoa, ukiwa na maziwa mgando pembeni. Ila usiache chakula nje siku nzima kwenye joto ukakila jioni. Sumu ya chakula huhitaji kuiongeza juu ya hayo uliyonayo.

Uji unastahili maneno zaidi kwa sababu ndio unaookoa wengi, na ndio unaowashinda wengi kwa namna unavyopikwa. Usiupike mzito. Koroga vijiko viwili vya unga wa ulezi au wa mchele kwenye maji baridi kwanza, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga mpaka uive vizuri, halafu uweke pembeni upoe mpaka uwe vuguvugu kabisa. Kamulia ndimu nusu ukishapoa. Sukari kidogo. Maziwa weka siku tumbo limetulia, kwa sababu harufu ya maziwa yanayochemka huwafukuza wengi. Unywe kwa kikombe kidogo, si bakuli, na ukiuona utando juu uondoe kabla hujaanza. Kwa mwenye mimba changa utando ule unatosha kuharibu asubuhi nzima.

Ukitamani embe bichi lenye chumvi na pilipili, kula embe, punguza pilipili kama kiungulia kinakuwasha. Ukwaju na ubuyu pia ruksa. Wiki hizi za mwanzo mlo kamili unaweza kusubiri. Kama kinachokaa tumboni ni viazi na mtindi tu kwa wiki mbili, kula viazi na mtindi. Mtoto wa wiki ya 9 ni mdogo kuliko kidole gumba chako, mahitaji yake ni madogo.

Baada ya kula, usijilaze mara moja. Kaa wima angalau nusu saa.

Hatua ya tatu: maji kwa kijiko

Kosa la kawaida ni kunywa glasi nzima kwa hofu ya kuishiwa maji, ikarudi yote na kilichokuwemo. Tenganisha maji na chakula kwa nusu saa hivi, kabla au baada. Kunywa kidogo kidogo, mafunda mawili matatu kila dakika kumi.

Siku mbaya, tumia kijiko. Jaza kikombe, kiweke kwenye stuli karibu nawe, unywe kijiko kimoja cha chakula kila dakika mbili au tatu ukiangalia saa ya simu. Ukitapika, pumzika dakika kumi, anza upya. Ni kazi ya kuchosha na inakera, lakini vijiko ishirini kwa saa ni takriban mililita 300, na hizo zikikaa zimekaa.

Maji matupu yakikushinda jaribu ya baridi sana, yenye kipande cha ndimu, au barafu za ukwaju na ubuyu zile za kufyonza, mradi zimetengenezwa kwa maji safi. Maji ya dafu nayo ni mazuri. Ukitapika zaidi ya mara tatu kwa siku, hamia ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini: pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na ikipita saa 24 mwaga, changanya nyingine. Pakiti hakuna? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Ukimaliza kutapika usikimbilie mswaki. Tindikali ya tumbo imelainisha meno, na ukisugua unayakwangua. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa hivi.

Harufu, jiko, na watu wa nyumbani

Hapa ndipo familia inapotakiwa kuingia. Mjamzito wa namna hii aondolewe jikoni kwa wiki chache kama kuna mtu mwingine wa kupika. Kama hakuna, apike asubuhi wakati hewa bado ni ya ubaridi, dirisha wazi, na achague vya kuchemsha badala ya kukaanga vitunguu. Dagaa, mafuta ya taa, moshi wa mkaa, sabuni za unga zenye manukato na marashi ya mume ndivyo vinavyotajwa sana. Limau lililokatwa ndani ya leso, la kunusa kwenye daladala, lina faida halisi. Kaa karibu na dirisha na utazame mbele.

Na wewe baba, usichukie ukiambiwa mimba imekukataa. Haina uhusiano na mapenzi. Pua yake imekuwa kali kupita kawaida, basi. Oga, acha pafyumu, sigara vutia mbali au uache kabisa, na upige deki bafu bila kuombwa.

Mate mengi yanayojaa mdomoni ni sehemu ya hali hii, na kuyameza huzidisha kichefuchefu. Yateme bila aibu. Beba kopo lenye mfuniko na tishu, fyonza kipande cha barafu, tafuna bigijii isiyo na sukari.

Tangawizi na vitamini B6

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma za wajawazito, linataja tangawizi na vitamini B6 kati ya njia za kupunguza kichefuchefu cha mwanzo. Tangawizi hupunguza kichefuchefu zaidi kuliko inavyozuia kutapika. Kiwango kinachotumika ni gramu moja ya unga mkavu kwa siku, kama nusu kijiko kidogo, ukigawe mara tatu au nne. Chai ya tangawizi isiyokolea, isiyo na majani, ikiwa vuguvugu, inatosha. Ikikuletea kiungulia, iache, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza.

Vitamini B6, kwa jina la dukani pyridoxine, hutumika miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku. Ni rahisi na ipo kwenye famasi nyingi. Angalia sana usiuziwe vile vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vya maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa sababu baadhi vina B6 mara nyingi zaidi ya unachohitaji. Soma pakiti, au mwonyeshe mfamasia.

Vidonge vya kliniki vinapokuchefua

Vidonge vya FEFO, vyenye madini chuma na asidi ya foliki, huwachefua wengi, nao huishia kwenye droo. Usivitupe kimyakimya. Jaribu kumeza usiku, baada ya kula kidogo, bila chai wala kahawa. Ikishindikana, mwambie mkunga. Katika wiki za mwanzo anaweza kukupa asidi ya foliki peke yake, madini chuma yakaja baadaye tumbo likitulia. Foliki usiikose, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujifunga mapema sana.

Ukiwa kwenye ARV, dawa za kifua kikuu, kifafa, presha au kisukari, suala si la kusubiri. Dozi inayotapikwa ni dozi ambayo haikuingia. Rudi ulikopewa dawa siku hiyo au kesho yake. Mwenye kisukari anayetapika mfululizo aende moja kwa moja hospitali.

Udongo

Ukisikia hamu ya pemba, yaani udongo wa kula, hauko peke yako. Sokoni zimepangwa kwa mafungu, na Kenya utasikia odowa. Wengi husema unakausha mate na kutuliza tumbo. Lakini udongo hunasa madini chuma yasiingie mwilini, hufunga choo, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na udongo wa kula umewahi kupimwa ukakutwa na risasi na aseniki. Hamu yenyewe mara nyingi huenda na upungufu wa damu, kwa hiyo pima damu. Wakati unapambana kuacha, shika kitu kingine cha kutafuna: muhogo mkavu wa kuchoma, bisi, barafu.

Mwarobaini, shubiri na mchanganyiko wa mitishamba usiojulikana kilichomo, hapana.

Vyakula na B6 vikishindwa

Zipo dawa, na nyingine zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi: promethazine, cyclizine, metoclopramide, doxylamine pamoja na B6. Ondansetron huja baadaye. Zinachosha au kuleta usingizi, na metoclopramide haitumiki zaidi ya siku tano mfululizo bila daktari kusema, kwa hiyo ziandikwe na mtaalamu aliyeiona kadi yako. Hofu ya dawa katika mimba ina chanzo. Kati ya mwaka 1957 na 1961 thalidomide iliuzwa nchi nyingi kama dawa salama hata ya kichefuchefu, na zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na kasoro, wengi mikono au miguu yao ikiwa haijakua. Funzo la pale ni kutokunywa kitu kisichochunguzwa. Kukataa dawa iliyochunguzwa huku unakauka maji ni jambo jingine, na lina madhara yake.

Mpaka wa kawaida

Jipime kama mzani upo. Ukipoteza asilimia 5 ya uzito uliokuwa nao kabla ya mimba, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, umevuka. Hali hiyo kwenye kadi huandikwa hyperemesis gravidarum, na inatibiwa hospitali. Usisubiri mzani kama:

- hakuna kinachokaa tumboni, hata maji, kwa saa 24
- hujakojoa kwa saa nane au zaidi, au mkojo umekolea sana
- unaona kizunguzungu ukisimama, moyo unaenda mbio, au unazimia
- unatapika damu, au kitu kama masimbi ya kahawa
- una homa, maumivu makali ya tumbo, maumivu ya kukojoa, au damu inatoka ukeni
- macho yanaona mawili, unayumba ukitembea, au umeanza kuchanganyikiwa

Homa inahitaji neno la peke yake. Kichefuchefu cha mimba hakileti homa. Mjamzito wa Tanga, Kisumu au Bujumbura anayetapika na kuwa na joto apimwe malaria na mkojo siku hiyo hiyo. Asidhani ni mimba tu. Kutapika kunakoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 10 nako kuna sababu nyingine mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na baada ya wiki ya 20, kutapika kukiambatana na kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe au maumivu chini ya mbavu za kulia, kunaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Nenda usiku huo huo.

Hospitali watapima uzito, presha, ketoni kwenye mkojo (alama kwamba mwili unachoma mafuta kwa kukosa chakula), chumvi za damu na malaria, na wafanye ultrasaundi kuangalia kama ni mapacha au mimba zabibu. Watakuwekea dripu ya maji ya chumvi, yaani saline au Ringer, mara nyingi pamoja na potasiamu, na sindano ya kuzuia kutapika. Kuna jambo moja ambalo ndugu anayekusindikiza alishike. Mtu aliyetapika kwa wiki kadhaa huwa ameishiwa vitamini B1, iitwayo pia thiamine, na dripu yenye sukari ikitangulia kabla ya B1 inaweza kuumiza ubongo. Ni halali kabisa kuuliza kwa adabu: "Samahani nesi, ameshapewa thiamine?" Pia mkumbushe mgonjwa achezeshe vifundo vya miguu kitandani, kwa sababu mimba na kukosa maji hufanya damu igande kirahisi.

Wengi hutoka baada ya siku moja au mbili wakiwa wamenyooka, kisha wiki inayofuata hali inarudi. Rudi nawe. Hakuna sheria ya kulazwa mara moja tu.

Kazini, na mwezi wa Ramadhani

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Omba cheti; usichome siku zako za mapumziko ya mwaka kwa ugonjwa.

Kwa Mwislamu anayetapika, Ramadhani ina ruhusa yake: mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto hafungi, na namna ya kulipa atamuuliza sheikh wake. Kufunga huku unapoteza maji mchana kutwa kwenye joto la pwani ni kujihatarisha.

Ukijikuta unalia kila siku, hutaki tena hii mimba uliyoitafuta, au unatamani usiamke, mwambie mkunga kwa maneno hayo hayo. Mateso ya wiki nyingi huvunja moyo wa mtu yeyote, na hayo yana matibabu.

Mimba ijayo

Aliyelazwa kwa kutapika mimba ya kwanza ana uwezekano mkubwa wa kurudiwa, kwa hiyo asianzie sifuri. Mkipanga mtoto mwingine, anza vidonge vya vitamini vyenye asidi ya foliki angalau mwezi mmoja kabla, hupunguza makali. Tafuta mapema nani atapika na nani atampeleka mkubwa shule. Na kipimo kikisema ndiyo, usisubiri wiki ya 12 kwenda kliniki: nenda na kadi ya mimba iliyopita, mwonyeshe daktari ukurasa wa siku ulizolazwa na dawa iliyokusaidia, aanze nayo kabla hali haijakolea.